Spika Moja Imtazame Bu Kustinah

Saa tatu asubuhi, nyumbani kwa bibi harusi, Mzee Wiryono, au Pak Wiryono kama wanavyomwita hapa, hajagusa hata waya mmoja. Amevua viatu mlangoni, akaingia jikoni, na sasa amesimama katikati ya masufuria na daftari la shule mkononi.

"Samahani Bu, samahani Yu," anasema kwa sauti ya chini, akiinama kidogo kila anapompita mama au dada mmoja. "Nauliza tu. Leo mna majiko mangapi ya wali ya umeme?"

"Mawili," anajibu Yu Sainem, mpishi mkuu, bila kuinua macho kutoka kwenye nazi anayokuna. "Kwani Pak Wir, umekuja kupiga muziki au umekuja kuposa huku jikoni?"

Wanawake wanacheka. Pak Wiryono anaandika: mawili.

"Na pampu ya maji?"

"Pampu ipo. Blenda ya pilipili ipo. Friji ipo. Andika pia nina jino linaniuma."

"Hilo halili umeme, Yu."

Mita ya nyumba hii ni ya wati mia tisa, kama nyumba nyingi za hapa Sumberwening. Vyombo vikiwashwa vyote kwa pamoja, swichi inaruka, na muziki unakatika wageni wakiwa na kijiko mdomoni. Pak Wiryono anajumlisha, anafuta, anajumlisha tena. Kisha anawaomba wapishi jambo moja: pampu isubiri wimbo uishe. Yeye mwenyewe atakuja dirishani kuwaambia.

"Watu wakinunua spika huuliza zina nguvu kiasi gani," anasema akivaa viatu vyake. "Mimi naanzia jikoni. Kama jiko haliwezi kukaa na spika nyumba moja, hiyo spika siyo yetu."

Pak Wiryono ana miaka sitini na mitatu. Ni fundi wa redio, feni na pampu, na kibanda chake kiko kando ya barabara, mashariki kidogo ya mji wa Klaten. Siku nzuri anapata rupia laki moja. Siku mbaya anapata elfu ishirini na kikombe cha kahawa kutoka kwa jirani. Hakusomea kazi hii. "Nilijifunza kwa kuunguza," anasema.

Jumapili na siku za shughuli, yeye ni fundi mitambo wa Sekar Wening, bendi ndogo ya watu saba ya keroncong, muziki wa nyuzi na filimbi. Ameifanya kazi hiyo kwa miaka thelathini na mmoja. Spika za bendi aliziunda mwenyewe kwa mbao, na kila zilipochanika alizibandika kwa karatasi na gundi. Mwaka huu zimefika mahali ambapo hakuna tena pa kubandika.

Kwa wiki tatu sasa amekuwa akitafuta nyingine. Akiba ya bendi ni rupia milioni saba na kidogo, inayotosha seti moja tu. Akikosea, hakuna ya pili.

Lakini si akiba inayomnyima utulivu. Ni mwimbaji.

Mwimbaji wa Sekar Wening ni Bu Kustinah, miaka sitini, mwuza tempe za soya katika soko la asubuhi. Ni mke wake. Miaka miwili iliyopita alifanyiwa upasuaji wa tezi ya shingo. Alipona vizuri. Sauti nayo ilirudi, ila ilirudi ndogo: zile noti za juu alizokuwa akizipanda bila kukaza uso zimeondoka, na zilizobaki ni za chini, laini, kama mtu anayezungumza na mgonjwa.

Kwa spika za zamani, sauti hiyo haitoki. Ili asikike, Bu Kustinah hulazimika kukaza koo. Anaporudi nyumbani huwa hawezi kuzungumza mpaka kesho yake.

"Alisema mara moja tu, hakurudia," anakumbuka Pak Wiryono. "Alikuwa anakunja nguo. Akasema, 'Pak, mwezi wa Besar ukiisha, kebaya ya kuimbia nitaiweka kabatini.' Nikasema haya. Ningesema nini?"

Katika kalenda ya hapa, Besar ndio mwezi wa harusi nyingi. Leo ni wiki yake ya pili. Bendi haina mwimbaji mwingine, na haijui pa kumtafuta. Kwa hiyo watu saba wote wanajua kwamba seti ikichaguliwa vibaya, baada ya wiki mbili hakutakuwa na Sekar Wening.

Kila mtu ana maoni yake. Mas Pramuji ("mas" ni kaka), dereva wa lori la mchanga, ndiye anayepiga cuk, kigitaa cha nyuzi tatu kinachokatakata mdundo wa keroncong. Ana miaka thelathini na minne, na ndiye anayepokea simu za wateja. Yeye alitaka seti ya kwanza: spika mbili kubwa za inchi kumi na tano, ndefu kumfikia mtu kifuani.

"Siku hizi mteja hakuulizi mnapiga nyimbo gani," anasema. "Anauliza, 'Mas, maboksi yenu yana ukubwa gani?' Nikisema madogo, ananiambia atapiga tena baadaye. Hapigi. Mwezi uliopita tumekosa kazi mbili hivyo. Pak Wir ni mtu mwema, ila hapokei simu hizo. Nazipokea mimi."

Hoja yake ina uzito. Katika vijiji vya hapa, mwenye shughuli huzielekeza spika barabarani, si kwa wageni. Mgeni aliyekwisha kuketi anajua kuna harusi. Anayetakiwa kujua ni yule anayepita, na yule wa ng'ambo ya daraja. Nyumba ambayo muziki wake hauvuki daraja hutajwa kwa wiki nzima.

Kwa mwimbaji, hilo lina maana moja. Spika zinampa mgongo. Anaimba nyuma ya sauti yake mwenyewe, na kinachomrudia ni mwangwi kutoka ukuta wa jirani, umechelewa, umechanganyika na pikipiki.

Spika zile kubwa walizijaribia uani kwa Bu Rahayuni, anayekodisha na kuuza vyombo vya muziki. Bendi yote ilikwenda. Bu Rahayuni aliwatandikia mkeka, akawawekea chai ya sukari nyingi na sahani mbili za lemper, vitafunio vya wali. Wakapiga nyimbo tatu. Besi ilitikisa vikombe.

Pak Wiryono akamgeukia mkewe, mbele ya wote, akauliza, "Unajisikia, Bu?"

"Najisikia vizuri," akajibu Bu Kustinah.

Mas Pramuji akapiga paja lake. Mambo yamekwisha. Bu Rahayuni akaahidi kuwawekea seti hiyo mpaka Jumamosi.

Nyumbani Bu Kustinah alikwenda moja kwa moja jikoni, akatwanga mchele na mzizi wa kencur, dawa ya koo, akanywa kikombe, akatwanga tena. Alipokuwa akitwanga mara ya tatu, mumewe alikuja akasimama mlangoni.

"Bu, kweli ulijisikia?"

"Nilisikia selo. Nilisikia cuk ya Pramuji, tena na makosa yake. Mimi mwenyewe sikuwepo."

"Sasa mbona ulisema vizuri?"

Bu Kustinah alimtazama kama mtu anayeulizwa kwa nini alivaa nguo kabla ya kutoka nje. "Mwenye spika amekaa pale pale. Ametupa chai na lemper. Ningesemaje, Pak?"

Pak Wiryono anacheka anapoeleza hayo, lakini anakiri lilikuwa kosa lake. Kwa watu wa hapa, kumwambia mtu kwamba kitu chake hakifai, huku umekaa juu ya mkeka wake, ni kumvua nguo hadharani. Yeye amezaliwa hapa na angejibu vile vile. Na bado aliuliza, tena mbele za watu, na akataka kununua spika kwa jibu ambalo adabu ilikwisha kulitoa kabla ya masikio.

"Nilimwuliza swali ambalo hakuwa na ruhusa ya kulijibu," anasema.

Kesho yake alimwendea Bu Rahayuni na kumwomba wajaribu nyingine kwanza, akisema tu kwamba bado wanafikiri. Kisha akabadilisha namna ya kufanya kazi. Akaacha kuuliza, akaanza kutazama.

Kwenye daftari lake la shule alichora mistari minne. Wa kwanza: Bu anainua kidevu. Wa pili: Bu anasogea upande wa cuk. Wa tatu: Bu anakata neno la mwisho kabla halijaisha. Wa nne: glasi za maji. Baada ya kumwangalia mwimbaji mmoja kwa miaka thelathini, alijua kwamba hizo ndizo dalili za mtu anayejitafuta na hajioni.

Seti ya pili, ya spika mbili za inchi kumi na mbili, waliijaribia katika ukumbi wa kijiji. Kidevu, mara kumi na moja. Neno la mwisho, mara tisa. Maji, glasi tano. Wanabendi walisema seti ni nzuri. Bu Kustinah naye alisema ni nzuri. Pak Wiryono alipiga mstari chini ya ukurasa na kuzirudisha.

"Ni kama kumpeleleza mke wako," anasema, na masikio yanamwiva kidogo.

Bu Kustinah, anayewasaidia wapishi kumenya vitunguu karibu, anaingilia bila kuulizwa. "Nilijua. Miaka thelathini na minane ya ndoa. Huyu akinitazama namna ile, ama nimefunga kebaya vibaya ama kuna kitu anahesabu. Nilitazama kifungo. Kilikuwa sawa."

"Mbona hukusema?"

"Ulikuwa na furaha na penseli yako, Pak."

Leo, kwenye harusi hii, ni zamu ya seti ya tatu. Ni spika tatu ndogo za inchi kumi, nyepesi kiasi kwamba Pak Wiryono anazibeba mwenyewe. Umeme wake wote haufiki hata jiko moja la wali. Bei yake ni sawa na zile mbili kubwa.

Moja anaisimamisha juu ya mguu wa chuma, ikitazama barabara. Ya pili anaielekeza kwa wageni. Ya tatu anaiweka chini, hatua mbili mbele ya mahali atakaposimama Bu Kustinah, imegeukia nyuma.

Mama wa bibi harusi, Bu Tarmini, anakuja akiwa nusu amepambwa, na nywele zimetengenezwa upande mmoja tu.

"Pak, hiyo ya chini imekosewa. Inamtazama mwimbaji."

"Ndiyo, Bu."

"Yeye si mgeni. Wimbo anaujua tayari."

"Anaujua, Bu. Ila asipousikia, ataupigia kelele."

Bu Tarmini anaangalia barabara, anaangalia spika moja ndogo iliyoachiwa kazi hiyo, anavuta pumzi. "Ifike darajani lakini," anasema, na kurudi kwa mpambaji wake.

"Haifiki," ananong'ona Mas Pramuji, akikaza nyuzi. "Pak Wir, wewe umemnunulia mkeo redio. Sisi wengine tuombe tu."

"Bado sijanunua."

Wageni wanaketi chini ya turubai. Bu Rahayuni ni mmoja wao, safu ya pili, kwa kuwa ni jamaa ya bwana harusi. Spika bado ni zake. Pak Wiryono amekaa kwenye kiti chake cha plastiki karibu na miksa, penseli mkononi.

Wimbo wa kwanza unaanza. Selo inadonolewa kama ngoma, filimbi inaingia, kisha Bu Kustinah. Amesimama wima, viganja vimekutana mbele, kama waimbaji wa keroncong wanavyosimama. Kidevu kinapanda. Pak Wiryono anaweka alama. Kinapanda tena. Anaweka alama ya pili. Mabega ya Pak Wiryono yanashuka, na wimbo unapoisha, makofi ni ya heshima tu.

Anashusha penseli aandike jumla. Hapo anasikia akiitwa.

"Pak."

Bu Kustinah amerudi nyuma nusu hatua kutoka kwenye maiki. Hatabasamu wala hakasiriki.

"Bado. Sijisikii."

Ameyasema kwa sauti ya kawaida, ya mtu anayemwambia mumewe sukari imekwisha. Lakini maiki iko wazi. Maneno yanatoka kwa wageni, yanatoka barabarani, na yanatoka pia kwenye ile spika ndogo iliyo miguuni pake. Vichwa vinageuka, kimoja kimoja, kwenda safu ya pili.

Bu Rahayuni anaweka kijiko chini.

"Mnanitazama mimi wa nini?" anasema. "Si igeuzwe. Nikikodisha kitanda, nasimama pale kuangalia mnavyolala?"

Kicheko kinapasuka chini ya turubai. Pak Wiryono tayari amepiga magoti.

"Hapa?"

"Kushoto."

"Hapa?"

"Iinue uso kidogo. Inaimbia magoti yangu."

Anaokota kipande cha tofali chini ya turubai, anakiingiza chini ya ukingo wa mbele. Spika inalala chali kidogo, kama mtoto anayemtazama mama yake. Bu Kustinah anasema neno moja kwenye maiki, "Haya," analisikia, na uso wake unabadilika. Pak Wiryono, aliye magotini, ndiye pekee aliye karibu vya kutosha kuuona.

Wimbo wa pili ni wa polepole. Bu Kustinah anaanza chini kabisa, pale ambapo sauti yake mpya inakaa, na haondoki hapo. Hasukumi. Maneno yanatoka moja moja, mazima, na neno la mwisho la kila mstari anaachia liishe lenyewe. Kidevu kimetulia. Pak Wiryono ameshika penseli kwa ubeti mzima, na ukurasa mbele yake hauna kitu.

Katikati ya wimbo, Yu Sainem anatokea dirishani na mwiko mkononi.

"Kumbe huyu mtu ameachwa," anawaambia walio nyuma yake. "Miaka yote nilidhani ni wimbo wa mavuno."

Bendi inapopumzika kwa chakula, Mas Pramuji anawasha pikipiki yake na kwenda barabarani, huku akimwacha mpiga filimbi apige peke yake. Anarudi baada ya dakika tano.

"Unasikika mpaka dukani," anasema. "Darajani hakuna kitu."

"Hakuna kabisa?"

"Kuna bata."

Bu Tarmini, ambaye sasa amepambwa pande zote mbili, analisikia hilo. Hasemi neno baya. Anasema tu kwamba harusi ya binti mkubwa ilifika darajani. Pak Wiryono anainamisha kichwa na kumwomba radhi, na hajitetei.

Wanabendi wanakula pamoja nyuma ya turubai, wali na mchuzi wa nyama, sahani mapajani. Anaanza Mas Pramuji, kwa kuwa simu anazo yeye.

"Mimi bado nasema tutakosa kazi."

"Tutakosa," anakubali Pak Wiryono. "Baadhi."

"Na mimi ndiye nitakayeambiwa 'nitapiga baadaye'."

"Ndiyo, Mas. Ni wewe."

Mas Pramuji anaweka sahani chini. "Leo nimekosea mara mbili," anasema. "Kwenye wimbo wa pili. Nimejisikia. Zamani nilikuwa sijui kama nakosea."

"Sisi tulikuwa tunajua," anasema mpiga selo.

Wanacheka, na katika kicheko hicho jambo linakubaliwa, bila mtu kuinua mkono. Pak Wiryono anakwenda safu ya pili kuzungumza na Bu Rahayuni. Wanaonekana wakiinamiana mara kadhaa, kisha Bu Rahayuni anamsukuma bega kwa kiganja, maana yake nenda.

Alasiri, wageni wakiwa wamepungua, kazi iliyobaki ni ya kukunja nyaya. Bu Kustinah amekaa kwenye kiti cha plastiki akichomoa vibanio vya nywele. Mas Pramuji anasoma ujumbe kwenye simu.

"Kuna watu wa Jatinom," anasema, akiongea na simu zaidi kuliko na watu. "Wanaoza mwezi wa Sapar. Wanauliza kama tupo."

Sapar ni mwezi wa pili baada ya Besar. Mpiga selo anaacha kufunga mfuko wa chombo chake. Pak Wiryono anaendelea kukunja waya uleule aliokwisha kuukunja.

Bu Kustinah anachomoa kibanio kingine, anakiweka mapajani pamoja na vingine.

"Waulize jukwaa lao lina upana gani," anasema. "Leo selo ilinikaa karibu mno."

Mas Pramuji anaandika ujumbe huo haraka, kabla mtu hajabadilisha mawazo.

Baadaye, akiwa amebaki peke yake na spika tatu, Pak Wiryono anapiga goti tena mbele ya ile ya chini. Anapima kwa shubiri pengo lililoachwa na tofali, mara mbili, anaandika. Ana kipande cha mti wa mfenesi nyumbani. Anataka kukichonga kiwe kitako cha mteremko, ili spika iinue uso kwa kiasi hiki hiki, popote watakapokwenda, bila kutafuta tofali la mtu.

"Kuacha ataacha," anasema. "Sote tutaacha. Nataka tu siku hiyo awe amechoka kuimba. Asiache kwa sababu alikuwa anajiita na hajiitikii."

Kitako anakusudia kukianza Jumatatu. Kwanza kuna feni mbili za watu zinazomsubiri kibandani.